Tahadhari ya kimbunga isidai akaunti ya kampuni: barua ya wazi kutoka Kilwa Masoko

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Dodoma
Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Serikali Mtandao
Kwa wakurugenzi watendaji wa halmashauri zote

YAH: MATANGAZO YA UMMA YAWE NA MAKAO YAKE NYUMBANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Naomba matangazo ya umma yakae kwanza kwenye mitambo ya hapa nchini, yasomwe bila akaunti, ndipo nakala ziende kwenye mitandao ya kampuni za nje.

Mimi nina duka la steshenari hapa Kilwa Masoko. Natoa kopi, naprinti, nawajazia vijana fomu za mkopo wa elimu ya juu na maombi ya kazi. Kwa shughuli hii nimekuwa kituo cha mwisho cha matangazo ya serikali. Tangazo linatoka Dodoma au Dar es Salaam, linazunguka kwenye simu za watu, halafu linaingia mlangoni kwangu mikononi mwa mtu anayesema, "Dada, hebu nisomee hapa."

Siku mbili kabla ya kimbunga Hidaya, mwanzoni mwa Mei 2024, aliingia nahodha mmoja mwenye umri wa baba yangu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku akinisogezea simu yenye kioo kilichopasuka. Ndani kulikuwa na picha ya ramani ya pwani yetu, imepakwa rangi, na maandishi chini yake. Ilikuwa imerushwa kundi hadi kundi mpaka herufi zimefifia kama kopi ya kopi. Sehemu ya chini, pale ambapo mtu angetafuta tarehe, ilikuwa imekatwa.

"Binti yangu," akaniuliza, "hii ni ya leo au ya mwaka jana? Vijana wangu wako majini."

Sikujua. Kompyuta ya duka haina akaunti ya mtu yeyote, kwa sababu wateja wanaitumia. Nikafungua mtandao mmoja wa kijamii kutafuta asili ya ile picha. Nikaonyeshwa vitu viwili, kisha pazia likashuka: ingia kwanza, au fungua akaunti. Nikahamia kwenye simu yangu. Huko nikaletewa habari ya juzi, kisha ya wiki iliyopita, kisha tangazo la sabuni, maana mtandao ule haupangi mambo kwa tarehe. Bando lilikuwa linakwenda na mzee amesimama. Mwishowe nilimpigia ndugu yangu anayefanya kazi bandarini Dar es Salaam, ndiye akanithibitishia. Nahodha akaanza kuwapigia vijana wake. Simu ya mmoja iliita mara nne bila kupokelewa. Walirudi jioni, alhamdulillahi.

Tarehe 4 Mei kimbunga kilifika karibu na Mafia. Mvua iliyokuja nacho ikakata barabara ya Lindi maeneo ya Somanga, na sisi wa kusini tukabaki upande wetu. Nataka nieleweke vizuri: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, na watu wa pwani tunaishukuru. Kilichokosekana ni kwa mzee yule kuiona tahadhari yenyewe na tarehe yake, kwenye simu yake, bila kubisha hodi kwa kampuni ya ng'ambo.

Mtaniambia tovuti za serikali zipo. Zipo, na nyingine ni nzuri. Lakini tovuti inakungoja uiendee. Haikufuati ulipo. Mtu wa kawaida hafungui tovuti ishirini kila asubuhi kuangalia kama maji yatakatika au kama barabara imefungwa. Alihamia kwenye mitandao ya kijamii kwa sababu huko mambo yanamfuata, na taasisi zenu zikamfuata huko huko. Siwalaumu. Tatizo ni kwamba zilihama na virago vyote, zikawa wapangaji kwenye nyumba ambayo mwenyewe hatumjui wala hatujui.

Nyumba ile tumeona inavyokwenda. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, kwa hitilafu ya kampuni yenyewe. Novemba 2022, wiki chache baada ya Elon Musk kuinunua Twitter kwa dola bilioni 44, alama ya bluu ya uthibitisho ikaanza kuuzwa kwa dola 8 kwa mwezi. Ndani ya siku chache mtu asiyejulikana alinunua alama hiyo, akajifanya kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akatangaza kwamba insulini sasa ni bure. Fikirini tangazo kama lile lina jina la hospitali ya mkoa. Fikirini lina jina la Baraza la Mitihani wiki ya matokeo.

Aprili 2023 mamlaka ya usafiri ya jiji la New York iliacha kutangaza huko mabadiliko ya treni na mabasi, kwa sababu kampuni ilianza kudai malipo kwa mifumo inayotuma matangazo yenyewe. Siku chache baadaye kampuni ikalegeza kwa taasisi za umma. Mimi hapo ndipo ninapoumia zaidi: jiji tajiri namna ile lilikuwa likisubiri fadhila. Sisi tungesubiri nini? Ofisi ya Twitter ya Afrika ilikuwa Accra, na wafanyakazi wake waliachishwa kazi mwezi ule ule wa Novemba 2022.

Halafu Mei 2025 mtandao huo, ambao sasa unaitwa X, ukazuiwa hapa nchini. Mimi sikuufurahia uamuzi ule, lakini leo siandiki kuupinga. Nauliza jambo moja tu: taasisi ya umma iliyokuwa ikitoa taarifa zake huko, siku ile ilikuwa inaongea na nani? Au na wenye VPN tu, zile programu za kupita kizuizi, ambazo kanuni zinataka zisajiliwe?

Lipo na suala la bahari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, wiki moja tu baada ya Hidaya, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika huko upande wa Durban, kusini mwa Afrika. Intaneti ya Tanzania ikadhoofika vibaya. Hata Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma kwa siku mbili. Dukani kwangu wateja walikaa kwenye benchi wakitazama duara linazunguka kwenye skrini mpaka wakakata tamaa. Sasa, nchi ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nyaya zinazobeba data humu ndani. Ina kituo cha taifa cha kuhifadhi data pale Kijitonyama. Ina kituo cha Dar es Salaam ambako watoa huduma wanabadilishana data za humu ndani bila kuzipeleka nje. Tangazo linalokaa kwenye seva ya hapa, yaani kompyuta inayolihifadhi na kulitoa kwa wasomaji, linaweza kufika Kilwa bila kuvuka bahari yoyote. Tangazo linalokaa Marekani au Ulaya, likikatika waya wa Durban, tumekwisha.

Nimeumia pia kwa kitu changu mwenyewe. Kikundi chetu cha akina mama wanaosuka mikeka ya ukindu kilikuwa na ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa. Miaka sita ya picha, wateja wa Dar, wa Unguja, mpaka wa Muscat. Siku moja mtu akaudukua, akaanza kuuza simu za uongo kwa jina letu. Nilijaza fomu yao ya malalamiko usiku kucha, nikapiga picha kitambulisho changu cha NIDA mara tatu, nikajibiwa na mashine kwa Kiingereza kwamba ukurasa haukiuki kanuni zao. Hakuna namba ya kupiga wala mlango wa kugonga. Bi mkubwa mmoja wa kikundi aliniuliza, "Mwanangu, kwani mwenye hiyo nyumba hana hata mjumbe wa shina?" Sikuwa na jibu. Ukurasa hatukuupata tena.

Sasa niseme ninachotaka.

Mnakumbuka pesa za simu zilivyokuwa zamani. Wa M-Pesa hakuweza kumtumia wa Tigo Pesa moja kwa moja kutoka salio hadi salio. Mtu alitembea na laini tatu, na mawakala wakaandika mbao tatu. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zikakubaliana pesa zivuke, Vodacom ikaingia 2016, na leo hakuna anayekuuliza uko mtandao gani kabla ya kukutumia nauli. Kampuni hazikuunganishwa kuwa moja. Kila moja ilibaki na wateja wake na mitambo yake, ila zilikubali lugha moja ya kuongea.

Mitandao ya kijamii iliyogatuliwa, yaani isiyo chini ya mwenye nyumba mmoja, ni jambo hilo hilo. Lugha yake inaitwa ActivityPub, na tangu Januari 2018 ni kiwango rasmi cha W3C, chombo kinachosimamia viwango vya wavuti duniani. Programu inayojulikana zaidi inayoitumia ni Mastodon, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Eugen Rochko huko Ujerumani. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuuchukua, kuukagua na kuuweka kwenye seva yake bila kulipia leseni. Aliye kwenye seva moja anamfuata aliye kwenye seva nyingine, kama vile mwenye barua pepe ya hapa anavyomwandikia wa kule. Anwani zenyewe zinafanana na za barua pepe: jina la taasisi, kisha jina la seva.

Hapo kwenye anwani ndipo penye dhahabu. Seva ikiwa chini ya .go.tz, jina la mtandaoni la taasisi za serikali pekee, hakuna tapeli anayeweza kununua alama ya kujifanya mamlaka ya maji. Anwani yenyewe ndiyo muhuri. Tangazo linasomeka na mtu asiye na akaunti. Matangazo yanakaa kwa mpangilio wa tarehe, jipya juu. Kila akaunti ya namna hii hutoa pia mkondo wa RSS ambao mtambo mwingine unaweza kuusoma: redio ya jamii ikauchukua na kumpa mtangazaji, halmashauri ikauchukua na kuugeuza SMS kwa wenye viswaswadu, ambao ndio wengi wa wateja wangu. Na bado maofisa habari wenu wanaweza kupeleka nakala Instagram na kwingineko, watu waliko. Ninachoomba ni asili ikae kwetu, kwingine ziende nakala.

Hili halijaanzia kwangu. Ujerumani ina seva ya taasisi zake za shirikisho tangu 2020, iliyofunguliwa na ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data. Serikali ya Uholanzi ilifungua yake 2023. Ufaransa, kwa mawasiliano ya watumishi wake, tangu 2019 inatumia Tchap, iliyojengwa juu ya mfumo huria wa Matrix, ili mazungumzo ya ofisi yasikae kwenye makundi ya kampuni za nje. Ningeomba na hilo mlifikirie, maana nimeprinti dukani kwangu orodha za majina ya wagonjwa kutoka kwenye kundi la simu, na mikono ilinitetemeka.

Msidhani hatuna watu wa kufanya kazi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili, wakati wengi wetu hatujagusa kompyuta. Takwimu za vituo vya afya nchini zinakusanywa kwa DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na wataalamu wa chuo chetu cha Dar es Salaam wamo katika wanaoujenga. Kuanzia 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipita mitaani, kwenye mabonde yanayofurika, wakachora mitaro na nyumba kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuichora, katika mradi wa Ramani Huria. Vijana wale sasa ni watu wazima wenye kazi. Seva moja ya matangazo ni jambo dogo kwao.

Najua mtakachosema kuhusu gharama, na sitakaa sana hapo. Umeme, mitambo na mishahara vinalipwa tayari kwa mifumo mingine. Kikwazo cha kweli ni umiliki. Umoja wa Ulaya ulifungua seva yake ya majaribio, EU Voice, Aprili 2022, chini ya msimamizi wake wa ulinzi wa data. Mei 2024 ikafungwa, si kwa kuharibika, ila kwa kukosa taasisi ya kuipokea iiendeshe. Kwa hiyo msituanzishie mradi wa kukatia utepe. Mpeni mtu jina la cheo na kasma ya bajeti, na zamu ya usiku, kwa sababu mvua hainyeshi saa za kazi tu.

Lipo jambo moja ambalo nalisema kwa uzito, hata kama halitawapendeza. Seva hiyo iwe ya taasisi tu. Sitaki serikali inifungulie mimi akaunti ya kusemea. Nchi hii inajua maana ya kugatua, imelitumia neno hilo tangu madaraka mikoani ya 1972, na kugatua mawasiliano maana yake ni kwamba serikali inamiliki sauti yake na mwananchi anamiliki yake. Chuo kiwe na seva yake, redio ya jamii yake, ushirika wa wakulima wa ufuta yake, na kikundi chetu cha ukindu kipange kwa yeyote kati ya hao na kuhama na wafuasi wake pale mwenye nyumba akiwa mbaya. Kuhama namna hiyo Mastodon inaruhusu. Lakini hayatawezekana iwapo kila mwenye seva ndogo atahesabiwa kama kituo cha televisheni. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilipoanza, mwenye blogu alitakiwa kulipa leseni ya shilingi milioni moja, na tena ada ya milioni moja kila mwaka. Watu niliowajua walifuta walivyoviandika kwa miaka, wakaacha. Kanuni zimerekebishwa tangu wakati ule, hata hivyo naomba safari hii mwandike waziwazi: seva ya jamii isiyofanya biashara isidaiwe leseni.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Serikali Mtandao ni kuanza na taasisi nne tu: hali ya hewa, maji, barabara na mitihani. Hizo ndizo zinazoniletea watu dukani wakiwa na picha zilizofifia. Kwa Waziri, naomba waraka mfupi usemao kwamba tangazo la umma halijatangazwa mpaka liwe mahali ambapo mwananchi analisoma bila akaunti. Na kwa wakurugenzi wa halmashauri, hata kabla ya seva hiyo, waambieni maofisa habari wenu waandike tangazo kwa maandishi, waache kulipiga picha. Picha haisomeki na kipofu mwenye simu inayosoma kwa sauti, haitafutiki, na mtu akiikata chini tarehe inapotea. Hilo halihitaji bajeti. Linaweza kuanza Jumatatu.

Msimu wa vimbunga upande wetu wa Bahari ya Hindi huanza Novemba. Ningependa kufikia hapo nahodha yule awe na anwani moja ya kufungua.

Kwa sasa nimetundika ubao nje ya duka. Kila asubuhi natafuta tahadhari kwenye tovuti, nainakili kwa chaki, naandika tarehe na saa niliyoisoma na mahali nilipoitoa. Wavuvi wanaisoma wakishuka pwani, na asiyejua kusoma anasomewa. Majibu yenu naomba yatolewe hadharani. Nitayaandika pale pale.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwenye duka la steshenari
Kilwa Masoko

Nakala: Maofisa habari wa taasisi za umma
Nakala: Nahodha